Sura ya Saba: Mtutu Mpya kwa Mauser ya Zamani

Katika bunduki ya kuwindia, kitu kisichosamehe ni mtutu. Kitako kikipasuka, seremala atakigundisha. Springi ikilegea, itabadilishwa. Bolti iliyofuliwa miaka 70 iliyopita, ikitiwa mafuta, itaendelea kufunga kama siku ya kwanza. Lakini mtutu ukishaliwa na kutu kwa ndani haurudi. Kinachobaki ni kuung'oa na kufunga mwingine, na hapo ndipo penye uamuzi mzito, kwa sababu anayechagua mtutu anachagua upya bunduki nzima: risasi atakayotumia, mnyama atakayemwinda, umbali atakaothubutu kupiga, na uzito atakaobeba begani tangu alfajiri hadi saa nane mchana.

Bunduki ninayoizungumzia ni Mauser ya muundo wa 1898 iliyotengenezwa na kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji. FN ilianzishwa mwaka 1889 kwa kazi moja tu, kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Ukoloni wa Wabelgiji ndio ulioleta kazi za Herstal hadi Katanga, enzi ambazo Likasi bado ilikuwa ikiitwa Jadotville. Leo mafundi wa Ulaya na Marekani wanautafuta mwili wa Mauser ya FN, yaani kile chuma kinachobeba bolti, ili waujengee bunduki mpya ya kuwindia. Mwenye bunduki kama hiyo Likasi, hata kama mtutu wake umeoza, ana mali mkononi, na asikubali kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Kwanza ahakikishe kwamba mtutu umeoza kweli. Toa bolti, elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa dirisha, kisha tazama kutokea upande wa chemba. Mtutu mzima hung'aa kama maji, na mifereji yake huonekana ikizunguka kwa kingo kali hadi mwisho. Mtutu mbovu una giza, una madoa meusi yaliyochimba chuma, na kingo za mifereji zimefifia. Kagua sana mahali pawili. Pa kwanza ni koo, sentimita chache mbele ya chemba, ambapo gesi ya moto hupita kwa nguvu zote. Pa pili ni mdomo wenyewe. Mdeki wa chuma ukiingizwa kila siku kutokea mbele husugua upande mmoja wa mdomo mpaka duara linapinda, na risasi ikitoka mahali hapo husukumwa pembeni na gesi. Ikiwa ubovu uko mdomoni tu, usinunue mtutu. Fundi atakata sentimita mbili au tatu na kuusawazisha mdomo upya, na bunduki itarudi kupiga ilivyokuwa ikipiga.

Mtutu wa kaliba ya wastani huvumilia maelfu ya risasi. Wawindaji wachache sana wa kwetu hufyatua kiasi hicho maishani, kwa hiyo mitutu ya hapa huuawa na kutu kabla haijachakazwa na moto. Risasi nyingi za zamani, hasa zile za akiba ya majeshi, zina viwashio vyenye klorati ya potasiamu. Kikiwaka, kiwashio hicho huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewa, na Likasi kuanzia Novemba hadi Aprili hewa haina upungufu wa unyevu. Chumvi hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, huyeyuka kwenye maji. Anayepaka mafuta juu yake anaifungia ndani. Mimina maji ya moto kutokea upande wa chemba, kausha, halafu ndipo upake mafuta. Nayasema haya kabla ya habari ya mtutu mpya kwa sababu mtutu mpya utakaotunzwa kama wa zamani utaufuata wa zamani kaburini.

Wabelgiji wenyewe walijifunza somo la kutu kwa gharama kubwa. Ile Mauser yao ya 1889, ambayo Force Publique, jeshi la koloni, nayo iliitumia huku Kongo, ilikuwa na mtutu uliovikwa bomba jembamba la chuma. Nia ilikuwa njema: mtutu ukipata moto mkono wa askari usiungue, na mti wa bunduki ukivimba usiubane. Lakini maji yalipenya kati ya bomba na mtutu, yakakaa humo bila mtu kuyaona, na mtutu ukaliwa kwa nje wakati askari akiusafisha kwa ndani kwa bidii. Walipokuja kuziboresha bunduki hizo katika miaka ya 1930, kwenye muundo unaojulikana kama 1889/36, waliliondoa bomba wakafunga mtutu wa namna mpya. Ni jeshi zima lililofanya kile anachotaka kufanya mwindaji wa Likasi: mwili wa zamani, mtutu mpya.

Sasa tuchague. Wengi huanzia mwisho. Humfuata fundi na kumwambia, "Fundi, nataka mtutu mrefu, ufike mbali." Fundi mwenye akili atamrudishia swali: "Baba, mnyama wako unamwona akiwa umbali gani?" Katika miombo, miti na nyasi ndivyo vinavyojibu. Mwindaji hapa humwona mnyama akiwa karibu, mara nyingi ndani ya mita mia moja, akiwa amefichika nusu ya mwili nyuma ya shina. Anahitaji risasi nzito iendayo kwa mwendo wa kiasi, inayoingia ndani na kumwangusha mnyama pale pale. Bunduki za kupiga ng'ambo ya bonde zimebuniwa kwa ajili ya milima na nyanda za watu wengine.

Mnyama naye huchaguliwa na sheria kabla hajachaguliwa na mwindaji. Uwindaji nchini unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na bunduki na risasi zinaongozwa na amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Hifadhi ya Upemba, iliyotangazwa mwaka 1939, na ya Kundelungu, iliyotangazwa mwaka 1970, si mahali pa kwenda na bunduki kabisa. Upemba ndiko walikobaki punda milia wa mwisho wa nchi hii nzima, na mtu anayewaonea tamaa hana sababu ya kuisoma sura hii. Ninamwandikia mwenye kibali cha bunduki na kibali cha kuwinda, anayewinda nje ya hifadhi mnyama asiyelindwa, tena kwa msimu wake.

Kwa mtu huyo, mwili wa Mauser 98 unafungua milango kadhaa. Upo 7x57, wa mwaka 1892, mpole begani na unaotosha kwa pongo, tohe na ngiri. Upo .30-06 wa Wamarekani, wa mwaka 1906, unaojulikana duniani kote. Upo 9.3x62. Na upo .375 H&H wa Waingereza, wa mwaka 1912, ambao wenye fedha huuota.

Wa 7x57 una jina kubwa Afrika Mashariki kwa sababu ya mtu mmoja, Walter Bell, yule aliyeitwa Karamojo kwa kuwinda Karamoja ya Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua zaidi ya tembo elfu moja, na wengi wao kwa kaliba hiyo ndogo. Habari zake zimewapoteza watu wengi. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila upande, alikuwa na shabaha ambayo wachache wamewahi kuwa nayo, na aliwinda wanyama ambao walikuwa bado hawajazoea mlio wa bunduki. Anayenunua mtutu wa 7x57 ili amfuate nyati, akimtaja Bell, amechukua kaliba ya Bell akaacha elimu yake. Nyati aliyejeruhiwa hafi peke yake. Huingia kichakani akasubiri, na anayekuja kukutana naye huenda ni mama anayekata kuni. Kaliba ndogo mno ni uonevu kwa mnyama na hatari kwa kijiji, na hapo mimi sina msamaha.

.375 H&H ina nguvu za kutosha kwa kila kitu, lakini ni ndefu. Risasi yake nzima ina urefu wa karibu sentimita 9, na ili iingie kwenye Mauser ya kawaida lazima chuma kichongwe mbele na nyuma ya magazini, karibu kabisa na mahali ambapo bolti hujifungia. Kazi hiyo imefanywa na mafundi wakubwa na bunduki zao zimedumu. Mimi nisingependa kuona chuma kikipunguzwa mahali panapozuia mlipuko usiurudie uso wa mtu.

Mapenzi yangu yako kwa 9.3x62, na sababu si hisia. Otto Bock, mtengenezaji bunduki wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 akiwafikiria Wajerumani waliokuwa wakienda Afrika na fedha kidogo. Aliipima ili iingie kwenye magazini ya Mauser 98 bila kuchonga chochote. Kitako cha risasi yake kina kipenyo cha karibu milimita 12, sawa na cha 7x57 na cha .30-06, kwa hiyo bolti nayo haiguswi. Anayebadilisha kutoka kaliba hizo anabadilisha mtutu, anarekebisha kidogo njia ya kulishia risasi, basi. Risasi ya gramu 18.5 hutoka kwa mwendo wa takriban mita 720 kwa sekunde, nguvu ya kutosha kwa pofu na nyati, na haiharibu nyama ya pongo kama zifanyavyo kaliba ndogo zenye kasi kubwa.

Hata hivyo, kuna swali moja linaloyashinda mapenzi yangu. Kabla hujaagiza mtutu, mwendee muuzaji mwenye leseni umuulize ni risasi gani anaweza kukuletea kihalali, leo na miaka mitano ijayo. Likasi ni mji unaojua baruti. Migodi imeizoea, na kiwanda cha milipuko na risasi cha Afridex kiko humu humu mjini. Lakini katriji za kaliba 12 za marisau ndizo mwindaji wa kawaida anazozipata, na risasi za mtutu wa mifereji husafiri kutoka mbali. Mtutu wa 9.3x62 usio na risasi utageuka fimbo. Muuzaji akikuambia kwamba anachoweza kukuletea ni .30-06 peke yake, fuata .30-06, na uwinde wanyama wa kiasi chake.

Kaliba ikishakubaliwa, linakuja jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka na ambalo ningependa tulikalie: msokoto. Mifereji ndani ya mtutu inazunguka ili risasi nayo izunguke, kwa maana kitu kirefu kinachoruka bila kuzunguka hupinduka hewani. Swali ni hili: mfereji unamaliza mzunguko mmoja katika urefu gani? Risasi fupi inaridhika na msokoto wa taratibu, risasi ndefu inadai msokoto mkali. Anayedai hapa ni urefu, ingawa watu huzungumzia uzito.

Mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza George Greenhill, aliyefundisha maofisa wa mizinga Woolwich, alitoa kanuni ambayo mtu anaweza kuikokotoa kwa penseli. Zidisha kipenyo cha risasi kwa chenyewe, zidisha jibu kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa risasi, vyote kwa milimita. Unachopata ni urefu ambao ndani yake mfereji unapaswa kumaliza mzunguko mmoja. Chukua risasi ya 9.3 yenye urefu wa milimita 33. Kipenyo mara kipenyo ni 86.5, mara 150 ni karibu 12,970, gawanya kwa 33 unapata 393. Mitutu ya 9.3x62 kwa kawaida huwa na msokoto wa milimita 360, mkali kidogo kuliko unaotakiwa, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Chukua sasa risasi ndefu ya 7x57, ile ya pua ya mviringo aliyoipenda Bell, kipenyo 7.2 na urefu kama milimita 35. Utapata 222. Mitutu ya Mauser ya 7x57 ilichongwa kwa msokoto wa 220. Hesabu ya miaka ya 1870 na chuma cha miaka ya 1890 vinapeana mkono.

Kwa nini mwindaji wa Likasi ahangaike na hesabu hizi? Kwa sababu ya shaba. Risasi za zamani zina moyo wa risasi halisi, ile metali nzito laini, na juu yake ganda jembamba la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo. Ikimpiga mnyama, metali ile humeguka vipande vidogo ambavyo vingine havionekani kwa macho, na hubaki kwenye nyama mbali na tundu lenyewe. Ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi, kwenye akili zao. Tai wanaokula matumbo yaliyoachwa porini nao hufa kwayo. Ndiyo maana siku hizi zinatengenezwa risasi za shaba tupu, ambazo hufunguka mbele kama ua na hazimeguki ovyo. Katanga imeupa ulimwengu shaba kwa zaidi ya karne moja, na kiwanda cha Shituru hapa Likasi kimekuwa kikiisafisha kwa umeme tangu mwaka 1929. Ninaona uchungu kwamba mtoto wa mji huu alishwe sumu kwenye nyama ya kuwinda, ilhali dawa yake ni metali inayochimbwa chini ya miguu ya baba yake.

Lakini shaba ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.9, na ya ile metali laini ina gramu 11.3. Ili risasi ya shaba ifikie uzito ule ule kwa kipenyo kile kile, haina budi kurefuka. Risasi ya 9.3 ikirefuka hadi milimita 40, kanuni ya Greenhill inashuka hadi 324, na mtutu wa 360 umeanza kuwa mvivu kwake. Kanuni hiyo huelekea upande wa tahadhari, na risasi inayokwenda kasi husamehewa kidogo, lakini mtu anayenunua mtutu mara moja maishani hana sababu ya kununua msamaha. Akitaka kutumia shaba, na ninamsihi aitumie, aagize msokoto mkali zaidi au achague risasi ya shaba nyepesi, ya gramu kama 16. Msokoto uliozidi kidogo haumdhuru mwindaji wa mita mia moja. Msokoto uliopungua unampa risasi inayofika kwa mnyama ikiwa ubavu ubavu.

Shaba ina tabia nyingine. Kila risasi inayopita huacha utando mwembamba kwenye mifereji, na utando ukiwa mnene, shabaha inaharibika. Kinachouondoa ni dawa yenye amonia. Loweka kitambaa, kipitishe kutokea upande wa chemba, subiri dakika chache, kisha pitisha kikavu. Kitatoka na rangi ya buluu, ile buluu ambayo kila aliyekulia karibu na viwanda vya Likasi anaijua. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mtutu uliochongwa na kung'arishwa vizuri hutoa buluu kidogo, na mtutu wa ovyo hautaacha kuitoa, kwa hiyo kitambaa hicho ni shahidi mzuri wa kazi ya fundi.

Umbo halihitaji maneno mengi. Urefu wa sentimita 56 hadi 60 unatosha. Kila sentimita mbili na nusu unazokata zinapunguza mwendo wa risasi kwa takriban mita 6 hadi 10 kwa sekunde, tofauti ambayo pongo hataihisi, lakini mtutu mrefu utashikwa na kila tawi. Unene uwe wa kuwindia, kama milimita 16 au 17 mdomoni. Mitutu minene ni ya watu wanaolala chini na kufyatua risasi 20 mfululizo. Mdomo uwe umerudi ndani kidogo ili bunduki ikianguka kingo za mifereji zisiguse jiwe. Na mtutu uwe na vilengeo vya chuma hata kama utafunga darubini, kwani ukungu wa asubuhi ya mvua huingia kwenye vioo, na darubini ikigongwa njiani huna tena bunduki.

Kuhusu chuma, mitutu mingi ya kuwindia hufuliwa kwa chuma chenye kromu karibu asilimia 1 na molibdeni kidogo. Kile kinachostahimili kutu kina kromu kama asilimia 12, na kwa hali yetu ya hewa kinafaa kama fedha inaruhusu, ila "kustahimili" haina maana ya kutoshika kutu kamwe. Mifereji iwe imechongwa kwa kisu, imesukumwa kwa kitufe cha chuma kigumu au imefuliwa kwa nyundo za mashine, kwa mwindaji ni mamoja. Makampuni yenye jina, kama Lothar Walther la Ujerumani au Krieger la Marekani, hutoa mitutu inayopiga vizuri kuliko macho ya wengi wetu yanavyoweza kulenga. Usilipe zaidi kwa sababu ya nembo.

Likasi ina karakana kubwa. Zile za Panda, za Gécamines, zimelea vizazi vya mafundi wa kerezo wanaoweza kutengeneza ekseli ya mashine ya mgodini kwa kipimo cha sehemu ya mia ya milimita. Katika mji wenye mikono kama hiyo, mtu atajiuliza kwa nini mtutu uagizwe Ulaya na chuma kimejaa hapa. Nina heshima kubwa kwa mafundi hao, na ndiyo sababu nataka sababu ya "hapana" ieleweke.

Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao watu huukumbuka kwa habari ya biashara ya watumwa. Ndani yake yalikuwamo masharti ya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, eneo ambalo Katanga imo ndani yake, bunduki zenye mtutu wa mifereji zilizuiwa kuingizwa, isipokuwa kwa watawala na waliopewa ruhusa na watawala. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa Mwafrika kilikuwa bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Mifereji michache ndani ya bomba la chuma ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri, mfalme wa Garenganze, aliuawa kwa risasi karibu na Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo, na mtu wa msafara wa Stairs, uliokuja kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, msafara uliobeba silaha ambazo mkataba ule ulimkataza yeye.

Gobore la kijijini ni mtoto wa historia hiyo. Wahunzi walinyimwa bunduki nzuri kwa vizazi, wakajitengenezea mbaya kwa chuma walichokipata. Sitawacheka. Lakini baruti nyeusi husukuma kwa shinikizo dogo ikilinganishwa na baruti ya kisasa. Ndani ya mtutu wa 9.3x62 shinikizo la juu linaloruhusiwa ni bar 3,900, yaani karibu mara 3,900 ya lile la hewa tunayoivuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Chuma cha mgodini, hata kikiwa kizuri kwa ekseli, hakina hati inayosema kilivyopozwa na kama kina ufa ndani. Mtutu uliopasuka hauvunji kioo cha darubini tu. Huchukua vidole vya mkono wa kushoto, na mara nyingine macho.

Kazi ya fundi wa hapa mwenye kibali ni kuufunga mtutu uliokuja na hati, nayo si kazi ndogo. Kwenye Mauser 98 mwisho wa mtutu haujishikizi mbele peke yake. Unakaza kwenye pete iliyo ndani ya mwili wa bunduki, na pete hiyo ndiyo inayopaswa kubeba. Kisha inapimwa nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, kwa geji mbili: moja ambayo bolti lazima ifunge juu yake, na nyingine ambayo lazima ikatae. Fundi asiye na geji hizo, hata akiwa na mikono ya dhahabu, asipewe kazi. Hakuna jicho linaloona sehemu ya kumi ya milimita ndani ya chemba, na ganda la risasi likipasuka kwa nafasi iliyozidi, gesi hurudi kwa mpigaji.

Bunduki ikishafungwa haijawa bunduki mpaka ijaribiwe. Liège ina nyumba ya kujaribia silaha ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1672, na sheria ya Ubelgiji ya 1888 ilifanya majaribio hayo kuwa ya lazima. Makubaliano ya kimataifa yanayojulikana kama CIP, yaliyoanza mwaka 1914 huko huko Liège, yanataka bunduki iliyobadilishwa mtutu ijaribiwe tena kwa risasi maalumu yenye shinikizo linalozidi lile la juu kwa asilimia 25. Alama za Liège ukizijua zitakuokoa sokoni: herufi ELG ndani ya duara la yai, na taji juu yake tangu mwaka 1893, na simba aliyesimama juu ya herufi PV kwa bunduki iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Bunduki nyingi za zamani za mitutu miwili zina ELG bila simba, na baadhi yake mitutu yao ni ya damaski, ile yenye mawimbi mazuri kwenye chuma. Hizo ni za baruti nyeusi. Zikitiwa katriji za leo zinaweza kupasuka mkononi. Kwa mtutu mpya, agiza kwa muuzaji anayeweza kuupitisha kwenye nyumba ya majaribio ukiwa umeshafungwa, au, ikiwa bunduki haiwezi kusafiri, dai mtutu uliojaribiwa na wenye alama, na risasi za kwanza zifyatuliwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye fremu, watu wakiwa nyuma ya ukuta.

Zimebaki karatasi. Mtutu si kipuri kama chujio la gari. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, wa nchi za Afrika ya Kati, unataja kwenye jina lake lenyewe sehemu na vipuri vinavyoweza kutengeneza, kukarabati au kuunganisha silaha. Anayeingiza mtutu ndani ya sanduku la nguo anafanya biashara ya silaha, hata kama nia yake ni kitoweo. Omba ruhusa kabla ya kuagiza, na kibali cha bunduki kibadilishwe kionyeshe kaliba mpya, kwa sababu bunduki iliyoandikwa 7x57 inayokutwa na risasi za 9.3 barabarani haitamletea mwenyewe siku njema.

Na mtutu wa zamani usiache ulale karakanani. Mbovu kwako ni mzuri kwa anayetengeneza magobore, na kipande hicho chenye namba ya bunduki yako kinaweza kupatikana miaka mitatu baadaye katikati ya hifadhi, kando ya mzoga. Upeleke pamoja na karatasi kwenye ofisi inayosimamia kibali chako, ukatwe kwa moto vipande vitatu mbele yao, chemba ikiwa imekatwa katikati, na uondoke na hati yenye mhuri inayotaja namba iliyokuwa juu yake.